Beseni la Maji ya Mashindano

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana wa Muleba, mpole, mwenye kipimajoto kimoja tu ambacho alikifunga katika leso kama yai. Tulipokuwa mwaka wa mwisho wa shule ya kati, huku Karagwe, alitutangazia mashindano. Angeweka beseni la maji ya moto mezani, tupime joto lake mara chache za mwanzo, kisha kila wawili watabiri litakuwa limefika wapi kengele ya mapumziko itakapolia.

Mimi na mwenzangu wa dawati tulibishana. Nilidai maji hupoa kwa mwendo mmoja mpaka mwisho.

"Aa, hujawahi kupakua ndizi?" akaniuliza. "Moto mkali huondoka haraka. Uvuguvugu ndio unaokawia."

Nikamwachia aandike.

Tulikuwa tukingoja kengele mlango ulipofunguka. Akaingia mama mtu mzima, miguu imejaa vumbi jekundu. Ni mama yake mwalimu, amekuja kumtembelea bila taarifa. Sote tukasimama.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, wanangu." Akaliona beseni, uso ukamchanua. "Kumbe mlijua nakuja! Hata maji ya kunawa miguu mmeniwekea!"

Kabla mtu hajatamka neno, alishaliteremsha sakafuni, akaketi kwenye kiti cha mwalimu na kutumbukiza miguu. Akafumba macho kwa raha.

Tulimtazama mwalimu. Nilidhani atamweleza. Yeye akakichomoa kipimajoto majini taratibu, akakifuta, akapiga magoti na kuanza kumsugua mama yake miguu mbele yetu sote.

"Pole na safari, mama."

Hakuna aliyecheka. Tangu siku ile nilimpenda mwalimu yule kama kaka.

Kesho yake tulirudia. Mama, ambaye sasa alikuwa ameelezwa, alikaa kando ya beseni kama mlinzi, akimkemea kila aliyesogea: "Yaache maji ya mwanangu!" Mwenzangu alikuwa amesema kweli kuhusu uvuguvugu, ila wawili wengine walikaribia zaidi, wakapewa kipande cha sabuni.

Mama hakuridhika. "Na hawa wengine? Hawakufikiri?"

Akafungua kifurushi cha jani la mgomba, akatugawia amwani, buni zile za kutafuna anazopewa mgeni kwetu. Tuliingia kipindi cha hesabu mashavu yamevimba, na mwalimu akajifanya haoni.