Gari Lililochoka Likimwona Tajiri

Gari la tajiri wangu lilikuwa na ugonjwa ambao mpaka leo sijausikia kwa gari jingine. Nikiliendesha peke yangu, linakimbia. Akipanda tajiri mwenyewe, linachoka.

Nikisema linachoka, unielewe vizuri. Siku moja tunapanda kale kamlima ka njia ya Nzega, bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akatupita. Akatusalimia vizuri tu, hakutucheka. Tulipofika juu tukamkuta ameshapika, ameshakula, anaosha chungu. Moshi nao ulikuwa mweusi, tukipita kijijini kuku wanaingia bandani wanafikiri jua limekuchwa. Na petroli ndiyo usiulize. Magari ya wenzetu yalikuwa yanakunywa petroli. Letu lilikuwa linaoga.

Usije ukadhani tajiri alikuwa mzito. Alikuwa mzee wa Kinyamwezi, mtu wa mjini Tabora, mfanyabiashara wa asali na nta, mwembamba kiasi kwamba kanzu yake ilikuwa inatembea na yeye anaifuata kwa ndani. Ukimweka kwenye mizani na kilemba chake, ungekuwa unapima kilemba.

Mzigo wake wa mkononi ulikuwa kibuyu. Kibuyu hicho alikirithi kwa baba yake, mpagazi wa zamani, aliyebeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu na kurudi na kitambaa begani. Yule baba aliacha amri moja tu nyumbani kwake: kibuyu cha safari hakilali chini. Kikilala chini, na safari inalala. Kwa hiyo tajiri akipanda garini na kibuyu kimejaa asali ya kuonjesha wateja, hakiweki sakafuni hata umwambie sakafu ni ya dhahabu. Anaingiza kamba yake ya ngozi kwenye kitufe kimojawapo pale mbele, ili kisianguke, halafu anakipakata mapajani kama mtoto mchanga. Mlima ukianza, kwa kuwa alikuwa anaogopa milima, anaegemea nyuma na kukikumbatia kwa mikono miwili huku anasoma dua. Mimi natazama barabara. Dereva hachungulii mapaja ya tajiri wake.

Sasa shida yangu ikaanzia kwenye petroli. Asubuhi moja tajiri akaniita mbele ya watu barazani.

"Kijana, petroli yangu inakwenda wapi?"

"Inaungua, mzee."

"Inaungua, au inauzwa?"

Watu wakasogeza viti kwa namna ile ya watu wanaotaka kusikia vizuri. Mpwa wake alikuwepo pale, kijana aliyejifunza kuendesha gari Mwanza na kurudi na miwani myeusi. Alikuwa anaivaa hata ndani ya nyumba, akawa anawamwagia chai watoto. Akasema, "Mjomba, mimi gari nikilishika mimi, kidebe kimoja kinanifikisha Kigoma."

"Kigoma hakuna barabara ya kukufikisha," nikamwambia.

"Ndiyo maana nitabakiza."

Unaweza kusema kazi ni kazi, ukifukuzwa utapata nyingine. Lakini mimi nilikuwa nimechumbia. Na mkwe wangu hakunipa binti yake kwa ajili ya sura, maana sura alikuwa ameiona. Alinipa kwa sababu mimi ni dereva, na siku za Waingereza dereva alikuwa mtu mkubwa, nyuma kidogo tu ya bwana shauri. Dereva aliyefukuzwa kwa wizi wa petroli yuko nyuma ya mbuzi. Mkwe alishanitumia salamu: amesikia habari, anangoja aone.

Nikampeleka mgonjwa kwa fundi. Fundi wetu alikuwa na kibanda cha mabati upande wa Kitete, mtu wa mjini, mtoto wa mhunzi mjukuu wa mhunzi, anaongea na injini kuliko anavyoongea na mke wake. Akafungua plagi, zote nyeusi tititi, kama zimetolewa jikoni.

"Huyu anakula petroli bila hewa," akasema. "Kama mtu anayekula ugali bila kumeza mate."

Akasafisha kabureta, akapuliza vile vitundu vyake kwa mdomo mpaka mashavu yakavimba. Akashusha boya la ndani lisijaze petroli mno. Akakung'uta chujio la hewa, likatoka vumbi la kutosha kupandia mihogo. Akatazama pointi za cheche. Akainua magurudumu na kuyazungusha kwa mkono, labda breki zinashika, hazishiki. Akapanda, nikampeleka mpaka stesheni na kurudi. Wallahi lile gari liliruka. Moshi hakuna. Mbwa aliyekuwa anatufukuza alikata tamaa akakaa chini.

"Limepona," akasema fundi.

Kesho yake akapanda tajiri na kibuyu chake. Hatujamaliza hata mlima wa kwanza, likachoka.

Nikarudi kwa fundi. Akafungua tena, plagi nyeusi tena. Akatoka nalo peke yake, likaruka tena. Alipokuja alikaa juu ya tairi, akavua kofia, akanitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, gari hili ni zima. Mgonjwa ni tajiri wako. Mpeleke hospitali, ni hapa hapa jirani."

Ningemwambiaje tajiri maneno kama hayo? Nikamwambia fundi anasema tuendelee kuangalia.

Tajiri hakuwa mtu wa kuendelea kuangalia. Akakata ufito wa mtama, akauchovya kwenye tangi lililojaa, akaweka alama kwa kisu pale petroli ilipofika. Halafu akaweka alama ya pili chini.

"Tunakwenda Lusu, huko Nzega. Napeleka asali, narudi na samli. Tukirudi nyumbani nitachovya. Petroli ikiwa kwenye alama hii au juu yake, wewe ni dereva wangu. Ikiwa chini, ufunguo unampa mpwa wangu, na mimi sitaki kusikia kwamba imeungua."

Mpwa akaja safarini ili ufunguo usipate taabu ya kumtafuta. Alikaa nyuma juu ya madebe ya asali, na miwani yake.

Asubuhi nikawasha gari, likapata joto, likawa linanguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Tajiri akapanda, akatia kamba kwenye kitufe, akapakata. Tukaenda. Kufika kamlima ka kwanza, tajiri akaegemea, akakumbatia, dua ikaanza, na gari likaanza kukohoa. Nikatia gea ndogo. Nikatia iliyo ndogo kuliko hiyo. Ningekuwa na gea ya kushuka nisukume ningeitia. Nyuma moshi ulikuwa unamfukiza mpwa, na kila nikigeuka namwona ameongezeka weusi.

Tulifika kwa Mgogo jua limeshapanda.

Huyu alikuwa mama mmoja wa Kigogo, mke wa msimamizi wa wale wanaotengeneza barabara, anauza uji na mihogo ya kuchemsha kando ya njia. Na kama ujuavyo, Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walikuwa wanapita Ugogo na mizigo kichwani wakikauka kwa kiu, na babu zao wanakaa kando ya visima wakidai hongo ndipo wanywe. Mambo yakaisha, utani ukabaki. Mtani akichukua kitu chako, kimekwenda. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye aibu.

Nikasimamisha gari, nikazima injini. Tajiri akatoa ufito wake, akachovya kwenye tangi. Akautazama muda mrefu. Akampa mpwa autazame. Mpwa akavua miwani kwa mara ya kwanza tangu Mwanza, akaona, akairudisha akitabasamu. Petroli ilikuwa imeshashuka nusu ya kuelekea ile alama ya chini, na Lusu ilikuwa bado ni habari ya kusikia.

Tajiri akarudi kukaa, akashika kibuyu chake. Yule mama akaja mlangoni.

"Ee, wapagazi! Shikamoo, mpagazi mkuu."

"Marahaba, mla njaa."

"Baba yako alibeba pembe mbili za tembo akaenda pwani kwa miguu. Wewe umebebwa na gari, na bado umebeba kibuyu? Kichwa kinakuwasha?"

"Na nyie bado mnakaa njiani. Maji mmeacha kuuza, sasa mnauza uji. Tofauti ni unga."

"Na hongo sijaacha," akasema yule mama. Mkono ukaingia dirishani, kamba ikachomolewa kwenye kitufe, kibuyu kikatoka. "Hii ndiyo hongo ya kupita."

"Mtani, hicho cha marehemu baba!"

"Basi ni deni la marehemu baba. Alipita kwetu akanywa maji hakulipa."

Wafanyakazi wa barabara walicheka mpaka mmoja akakalia sururu. Utani ni utani. Tajiri akakaa pale na mikono mitupu mapajani, kama mtu aliyenyang'anywa mjukuu.

Nikashuka kupiga hendeli pale mbele, injini iwake. Nikazungusha, wapi. Nikazungusha tena, harufu ya petroli ikanijia puani. Nikarudi nizime kila kitu nianze upya, na ndipo nikakiona kile kitufe. Siku zote kilikuwa kimefichwa na kamba na kibuyu, na tajiri akichomoa kamba mwenyewe alikuwa anakisukuma ndani kwa gumba. Sasa kilikuwa wazi, na kilikuwa kimechomoza nje urefu wa kidole.

Kilikuwa choki.

Kama hujui choki, ni hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi unavuta kile kitufe, waya unafunga mlango wa hewa kwenye kabureta, injini inapata petroli nyingi na hewa kidogo, inawaka. Ikipata joto unakirudisha ndani. Usipokirudisha, injini inakula petroli bila hewa, inatoa moshi, inakosa nguvu. Na mimi nilikirudisha kwa mkono wangu huu, Tabora, kabla tajiri hajapanda.

Nikakisukuma ndani, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alichokuta watu. Nikapiga hendeli mara moja. Ikawaka.

Mlima uliofuata tajiri aliegemea nyuma kama kawaida, akakumbatia, hakuna cha kukumbatia, akakumbatia kanzu. Gari likapanda kama mbuzi aliyeona mahindi. Tulimpita mtu wa baiskeli, tukampita mwingine, tukapita kunguru wawili waliokuwa wanaruka kwenda upande wetu. Nyuma moshi ulikatika, mpwa akaanza kurudia rangi yake.

"Leo limeamka," akasema tajiri.

"Limeamka, mzee."

Nilikuwa najua. Kila mlima, yule mzee alikuwa anaivuta choki kwa kamba ya marehemu baba yake, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyovuta. Lakini kuna njia nyingi za kufukuzwa kazi, na kumwambia tajiri mbele ya mpwa wake "mzee, mwizi wa petroli ni wewe" ni mojawapo.

Lusu, wakati wanapima samli, nikaomba msumari mrefu kwa mwenyeji. Gari letu lilikuwa na bodi ya mbao. Nikaupigilia juu ya mlango wa tajiri, nikaupinda.

Wakati wa kurudi yule mama alitungoja katikati ya barabara na kibuyu mkononi. Asali ilikuwa imekwisha.

"Nimekutilia uji, mpagazi, usije ukafa njiani tukakosa wa kumcheka."

Tajiri akakipokea kwa mikono miwili. Uso wake ulifunguka kama duka. Na mkono wake, na kamba, ukaanza safari ya kwenda kwenye choki. Nilihisi binti wa watu ananitoka.

"Mzee," nikasema, "nimefikiria. Kibuyu cha marehemu kufungwa kwenye kitufe cha gari, tena chuma cha Wazungu, si heshima. Nimekipigia msumari wake pale juu."

Akautazama msumari. Akanitazama mimi. Akakitundika.

"Umefikiria," akasema.

Jioni, barazani, watu wote wapo, na mkwe wangu amepita kwa bahati tu, akiwa amepita kwa bahati mara ya tatu. Tajiri akachovya ufito. Petroli ilikuwa juu ya alama kwa upana wa ukucha. Nilipowahadithia watu baadaye, ukucha ulikuwa wa tembo, lakini siku ile ulikuwa wa mtu. Tajiri akauinua wote wauone. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, akaukunjia ndani ya vidole vyangu.

"Kesho tunakwenda kuchukua nta," akasema.

Mjini tajiri alieleza kwamba ile njia ilikuwa inadai hongo ya zamani, na mtani alipoichukua, njia ikafunguka. Fundi naye alieleza kwamba ni lile boya aliloshusha. Wote wawili wakapata sifa. Mimi nikapata mke.

Msimu mzima wa asali ukapita. Siku moja, tumeuacha mji nyuma, sisi wawili tu, kibuyu kinaning'inia juu ya mlango, tajiri akanyoosha kidole pale mbele.

"Kile kitufe changu cha zamani. Kazi yake nini?"

"Cha kuwashia gari asubuhi, mzee. Kikivutwa, petroli inaingia nyingi."

Tukapanda mlima wa kwanza, tukapanda wa pili. Alikuwa ameshika magoti yake.

"Fundi usimwambie," akasema.

"Simwambii, mzee."

Mbele tuliona moshi wa uji wa yule mama.

"Na huyu," akasema, akivuta kilemba usoni, "ndiyo kabisa."