Meza ya watu wawili Bukavu, na jina ambalo mama hakuweza kulitaja

Wakuu, salamu kwenu. Leo sina utani. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na nimeandika nikafuta mara tatu kabla ya kuposti.

Kuna restaurant Bukavu, kando ya ziwa, ina meza nane tu. Ukitaka ya Jumamosi unabuku wiki sita kabla, na ukichelewa robo saa anapewa mwingine. Mimi naishi Uvira, kwa hiyo nilibuku online, kisha nikapanga safari.

Meza ilikuwa ya mama. Ni mjane, anaishi Walungu. Amelisha watu maisha yake yote, na yeye anakula mwisho, jikoni, kilichobaki kwenye sufuria. Nilitaka mara moja tu akae, ahudumiwe.

Siku yenyewe mvua. Gari nililopanda lilipopita Kamanyola, lori lilikuwa limekwama na kuziba barabara. Nikampigia mama, kumbe ameshafika mlangoni. Nikamwambia ataje jina langu, wamkalishe, nakuja. Halafu network ikapotea.

Hapo ndipo nilipoharibu, wakuu.

Jina langu la kwenye kitambulisho ni la babu, mzazi wa marehemu baba. Kwetu wamama wa zamani hawatamki jina la baba mkwe, hata kama amekufa miaka mingi. Tangu nizaliwe mama ananiita Papa, yaani baba. Hilo nalijua vizuri kabisa, na bado nilibuku kwa jina hilohilo la babu. Haraka zangu tu.

Nilifika masaa mawili baadaye. Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe nje ya geti, kitenge kipya kimelowa. Kwenye meza yetu walikuwa wanakula watu wengine. Mhudumu akaniambia walimuuliza jina mara tatu, akawa anajibu tu kwamba ni la mtoto wake.

Nikamuuliza mama kwa nini hakulitaja, hata kwa kunong'ona. Hakukasirika.

"Papa, ile jina nitaitaja namna gani? Haiko kitu. Nilishakula asubuhi."

Hakuwa amekula. Namjua mama yangu.

Nikabuku tena palepale, wiki sita mbele, safari hii kwa jina lake: Madame Faida. Akacheka. Akauliza kama wataona vibaya akirudi na kitenge kilekile.

Wiki ya nne malaria ikamchukua. Tumemzika Walungu.

Jana imeingia message ya restaurant kwenye simu yangu. Madame Faida, meza yako ya Jumamosi iko tayari, jibu ndiyo au hapana.

Funzo langu ni dogo: buku kwa jina la yule atakayekaa. Sina lingine, na hilo lenyewe limekuja kwa kuchelewa.

Bado sijajibu. Nikiandika hapana naona kama namfukuza mlangoni mara ya pili. Nikiandika ndiyo, nitakaa na nani?

Mngekuwa nyinyi mngejibu nini, wakuu? Nasoma kila comment.