Kitanda cha Advera

Kochi letu la kwanza lilinuka nyumba ya watu wengine. Lilinuka mafuta ya taa, poda ya mtoto, na kitu kama vitunguu vilivyokaangwa siku nyingi zilizopita vikabaki vimeganda kwenye sponji. Mama alilinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa amehamishwa, nalo likaletwa kwa toroli kutoka upande wa pili wa mji wa Kayanga, limefungwa kwa mipira ya baiskeli, mguu mmoja ukining'inia. Mama alivua foronya za mito yake, akazifua kwa sabuni ya mche, akazianika juu ya ua wa nyuma mpaka jua la kiangazi likazikausha zikawa ngumu kama mbao. Ile harufu ilipungua, haikuisha. Kila niliporudi kutoka shule nikaegemeza shavu langu pale, niliwasikia wale watu: baba yao, mama yao, mtoto wao mchanga, wote wamekaa pamoja. Nilikuwa na miaka minane, na nilikaa na watu wale wa kwenye kochi zaidi ya nilivyokaa na watu wenye miili.

Tulikuwa tumetoka Kaisho, msimu wa kuchuma kahawa ukiwa umeanza tu. Baba alileta mke mwingine nyumbani, na Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hakuipaza hata siku hiyo. Alikunja nguo zake taratibu, akakunja na zangu. Wazee wa ukoo walikaa ukumbini wakazungumza tangu asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi. Uamuzi wao ulikuwa kwamba mimi, kwa kuwa ni mdogo, niende na Mama. Dada yangu Advera, ambaye alikuwa darasa la saba, abaki pale kwa baba asije akavurugiwa masomo. Advera alisimama karibu na mlango wa jikoni akiwa na kibuyu cha maziwa mkononi. Bibi yetu, mama yake baba, ndiye aliyetusindikiza hadi barabarani. "Waitu, mwanangu, usilie njiani," alimwambia Mama. "Mtoto akimaliza mtihani wake ataletwa kwako. Akipapenda, atakaa. Nitasimama mimi mwenyewe kwenye hilo." Mama aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake anapovuka mto. Akipapenda, atakaa.

Basi kazi ikawa ni kupafanya mahali pa kupendwa. Vyumba vyetu vilikuwa viwili, vya kupanga, ndani ya ua wa mjane mmoja aliyeitwa Bibi Anatolia. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopasuka katikati, kuta zimepakwa rangi ya kijani nusu ya chini na nusu ya juu chokaa, na bati lilikuwa wazi juu yetu bila dari. Nyumbani Kaisho nilizoea nyumba iliyojaa: moshi, mikungu ya ndizi imeegemezwa ukutani, watu wanaingia bila kubisha. Hapa, ukikohoa, kikohozi kilikurudia. Majirani walimwona Mama na mtoto mmoja tu, wakaanza kumwita Mama Koku, kwa jina langu. Kila mara alisimama, akaweka ndoo chini, akawasahihisha kwa upole: "Mimi ni Mama Advera. Huyu ni mdogo wake." Waliitikia kwa kichwa, na kesho yake wakamwita Mama Koku tena.

Mama alipata kazi kwa mfanyabiashara wa mitumba, mwanamke aliyezunguka na mabelo yake kwenye minada ya vijijini. Siku za mnada wa Ihembe, au walipokwenda mbali zaidi, Mama aliondoka ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde, akarudi jioni na vumbi jekundu kwenye kope. Belo la mapazia na mashuka likifunguliwa, vile vilivyochanika au kukosa mwenzake vilitupwa pembeni, na tajiri wake alimruhusu kuchagua. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyovikwa, kipande kwa kipande. Lilikuja pazia lenye maua makubwa ya zambarau, likakatwa katikati likafunika dirisha na mlango wa ndani. Likaja shuka la buluu lililokuwa na tundu la pasi, Mama akalishonea jani la kitambaa cha kijani juu ya tundu, na ili jani lisionekane limekaa peke yake akashonea mengine, mpaka shuka zima likawa kama bustani. Mkeka wa mafunjo tuliletewa na mama mmoja wa Kiruruma aliyekuwa akibadilishana mikeka kwa nguo za watoto. Zulia alilitengeneza mwenyewe: alichukua gunia la kahawa, akalifua, kisha akapitisha vipande vya fulana kuukuu kwenye matundu yake kwa ndoano ya mti, akifunga fundo moja moja. Mimi kazi yangu ilikuwa kumchagulia rangi. "Advera anapenda nyekundu," alisema, "tafuta nyekundu." Nilitafuta nyekundu. Mimi nilipenda njano, lakini sikuulizwa.

Kitanda kilikuja mwisho. Kilikuwa cha futi tatu na nusu, cha mbao, kimetumika kwenye bweni fulani, na majina ya wasichana nisiowajua yalikuwa yamechongwa kwa ncha ya bikari upande wa kichwani. Mama alikisugua kwa msasa mpaka majina yakafifia, akakipaka vanishi, akakiweka chumba cha ndani chini ya dirisha. Akakitandika lile shuka la buluu, akaweka mto wenye foronya aliyoifuma kwa uzi mweupe, akasogea nyuma kukitazama. Mimi na yeye tuliendelea kulala pamoja kwenye godoro lililotandikwa juu ya mkeka chumba cha nje, hatua chache kutoka pale. Nilipotaka kukaa juu ya kitanda alinizuia. "Utakunja shuka. Hicho ni cha dada yako." Kwa hiyo alasiri zote za msimu ule, nikitoka shule, nilijifungulia mlango, nikala kiporo cha ndizi, nikakaa sakafuni nikikitazama kitanda kile kama unavyomtazama mgeni ambaye hujui utamwambia nini. Watoto wa ua ule walikuwa wakubwa kuliko mimi na walikuwa na michezo yao. Bibi Anatolia alipita mara moja moja dirishani na kuuliza, "Koku, upo?" Nilijibu, "Nipo, Bibi. Shikamoo." Alisema marahaba na kwenda zake, na nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla hajauliza.

Nilianza kuzungumza na vitu. Niliwaambia watu wa kwenye kochi habari za shule. Niliwaeleza kwamba dada yangu anakuja, kwamba anaweza kukamua ng'ombe bila kumfunga miguu, kwamba anajua kusuka, na kwamba akija atanisuka mimi kila Jumapili. Nadhani nilimngoja Advera kuliko Mama alivyomngoja, ila Mama alikuwa na sindano ya kushika na mimi sikuwa na kitu.

Mtihani ukapita, mvua zikaanza, senene wakaruka. Ndipo habari ilipofika kupitia kwa dereva wa gari la abiria kwamba Baba atamleta mwenyewe. Mama alifagia siku hiyo mpaka nikadhani atafagia saruji iishe. Aliweka vitambaa vyake vya kufuma juu ya kila mgongo wa kochi na juu ya kila mkono wake, juu ya meza, juu ya redio, hata juu ya ndoo ya maji ya kunywa. Alikaanga senene, akapika ndizi na maharage, akavaa kitenge ambacho hakuwa amekivaa tangu tuhame.

Walifika adhuhuri. Baba alisimama mlangoni akiwa na kofia mkononi na buti zake zikiwa na tope la njiani. Alitazama zulia, akatazama buti. "Karibu ndani, Baba Advera," Mama alisema. "Nashukuru," alijibu, "gari halitanisubiri." Alipewa maji akayanywa akiwa pale pale kizingitini, akazungusha macho polepole: mapazia, kochi, vitambaa. "Umepatengeneza," alisema. Mama alipokea bilauri, akajibu kwamba Mungu amesaidia. Baba aliniwekea mkono kichwani. Mkono ule ulinuka moshi na maziwa, harufu ya nyumbani kabisa, na kabla sijaushika alikuwa ameshauondoa.

Advera alikuwa amerefuka. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Keti, keti hapo kwenye kochi." Aliketi ukingoni kabisa ili asiguse kile kitambaa cha mgongoni, magoti yamebanwa, mfuko wake wa nguo umewekwa juu ya mapaja. Mama aliuliza habari za mtihani, za Bibi, za ng'ombe, na Advera alijibu kila swali vizuri, kwa sauti ile tuliyofundishwa kuitumia tukitumwa kwa watu. Alikula. Akamaliza, akasema asante kwa chakula. Mimi nilikaa karibu naye nikimgusa gusa sketi kuhakikisha kwamba ndiye. Kisha Mama alimshika mkono akampeleka chumba cha ndani, nami nikawafuata. "Hiki ni chako," alimwambia. "Kila kitu humu ni chako. Nyekundu yote ile kwenye zulia, nilikuwekea wewe."

Advera alipitisha kidole juu ya majani yaliyoshonewa kwenye shuka. "Ni pazuri sana, Mama," alisema. "Kwenu ni pazuri."

Mama alitabasamu kama mtu ambaye hakusikia sawasawa. "Kwetu," alisema.

"Ndiyo," Advera alijibu kwa adabu. "Kwenu."

Nje, watoto wa ua walikuwa wakikimbiza kuku, na Mama akasema anakwenda kutazama moto, ingawa chakula kilikuwa kimeshaliwa na moto hatukuuhitaji.

Advera alikaa siku chache tu. Alinisuka, kama nilivyokuwa nimetabiri, na vidole vyake vilikuwa vyepesi, lakini hakuimba kama alivyokuwa akiimba Kaisho. Asubuhi moja alipokuwa akimsaidia Mama kumenya ndizi alisema, bila kuinua uso, "Mama, Bibi atakuwa anakamua peke yake. Mgongo unamsumbua." Mama aliendelea kumenya. Ndizi ile ilikuwa imeshaisha maganda na kisu chake kilikuwa kinapunguza nyama ya ndizi yenyewe. "Unataka kurudi?" aliuliza. Machozi yalimdondokea Advera kwenye mikono iliyojaa utomvu, naye hakuwa na namna ya kuyafuta. Mama alimfuta kwa ncha ya kitenge chake. "Usilie," alimwambia. "Bibi yako alisema ukipapenda. Hakusema lazima."

Siku alipoondoka, Advera aliamka mapema akatandika kitanda kile kwa uangalifu mkubwa, akanyoosha kila pindo, akaweka mto ulipokuwa, mpaka kikaonekana hakijawahi kulaliwa. Tulimsindikiza kituoni. Tuliporudi, Mama alisimama chumbani muda mrefu, mgongo wake ukiwa kwangu. Kisha akaniambia, "Koku, kuanzia leo utalala humu." Msimu mzima nilikuwa nimekitamani kitanda kile. Nilikipanda jioni hiyo hiyo, nikajinyoosha nikiwa nimejikaza, na kilikuwa laini kama nilivyofikiria. Upande wa pili wa pazia la zambarau nilimsikia Mama akijigeuza kwenye godoro ambalo tangu tuhame tulikuwa tukilala juu yake mgongo kwa mgongo. Sikujua kama naruhusiwa kurudi. Nadhani na yeye hakujua kama anaweza kuniita.

Advera na mimi ni watu wazima sasa. Yeye ana familia yake Mwanza, na tunazungumza kwa simu karibu kila wiki. Mwaka juzi, katikati ya maongezi mengine kabisa, nilimuuliza kuhusu siku zile. "Mdogo wangu, nilitaka kukaa," alisema. "Lakini kila kitu kilikuwa kimeshapata mahali pake. Nilishika ule mfuko nikatafuta mahali pa kuuweka, sikupaona." Sijamwambia Mama maneno hayo, na sidhani kama nitamwambia.

Mimi nafanya kazi hospitalini Bukoba, na mwaka huu ndiyo kwanza nimehamia nyumba ya ghorofa ambayo ni yangu peke yangu kupanga na kupamba. Siku hizi mambo ni mepesi. Wauzaji wa vitu vilivyotumika hukutumia picha kwenye simu, unachagua kochi ukiwa umekaa kwenye foleni ya chakula, na kabla ya jioni vijana wameshalipandisha ngazi. Kapeti langu ni la manyoya, lilikuja limeviringishwa ndani ya nailoni, halinuki mtu yeyote. Mapazia yanalingana. Nilijaza nyumba nzima kwa wikendi moja, wakati Mama ilimchukua kiangazi chote na mwanzo wa mvua, akiwa mdogo kwa umri kuliko nilivyo mimi leo. Yeye kila alichokileta alikileta kwa ajili ya mtu. Mimi nimenunua vitu vyangu kwa sababu vilikuwa vizuri kwenye picha, na wageni wakija hunisifia, halafu wakiondoka ninasikia friji inavyonguruma.

Mama alikuja kuniona mwezi uliopita. Anatembea kwa fimbo siku hizi. Alizunguka taratibu, akagusa mapazia kati ya vidole viwili kama mtu anayejua nguo, akasifu bei kabla hajaijua. Kisha akafika kwenye chumba cha pili, ambacho nimekiwekea kitanda kidogo na taa. "Na huku anakaa nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu, Mama. Ni chumba tu."

Alisimama mlangoni ameegemea fimbo yake, akikitazama kwa muda. Kisha akavua viatu, akaingia, akaketi katikati ya kile kitanda, akalala chali na nguo zake za safari, akafumba macho. "Basi acha nikitumie," alisema. Nilibaki nimesimama pale pale mlangoni, nikimsikiliza anavyopumua, mpaka akasinzia.