Maharage ya Rulenge, Mvua ya Tanga

Leo tumeanua maharage hapa Rulenge kwa sababu mvua inanyesha Tanga.

Soma tena ukipenda. Mimi mwenyewe bado sijaelewa.

Tangu mdogo wangu Deo ahamie Tanga kikazi, mama hasikilizi tena utabiri wa hali ya hewa wa huku kwetu Kagera. Anasema hali ya hapa anaiona kwa macho. Redioni anangoja pwani ya kaskazini tu.

Asubuhi wakatangaza: pwani ya kaskazini, mvua kubwa na upepo mkali.

Mama akasimama. "Anueni."

Jua linawaka. Maharage ya mbegu yamejaa turubai zima. Nikamwambia, mama, Tanga ni mbali.

"Mwenzio analowa huko, wewe unaanika?"

Tukaanua. Jirani yetu Mama Evodia akatuona, naye akaanua yake bila kuuliza. Kufikia saa nne kilima kizima kilikuwa kimeanua, na angani hakuna hata wingu.

Nikampigia Deo, nikaweka spika mama asikie.

Deo anasema Tanga ni jua kali, ameanika mashuka.

Basi, nikarudisha maharage yote juani. Kwa hasira, nakubali.

Saa nane mvua ikashuka. Kiangazi hiki hiki. Juu ya mbegu.

Mama hakunigombeza. Alichukua simu, akampigia Deo.

"Anua mashuka, mwanangu. Huku inanyesha."

Na Deo akaanua.

Wenye ndugu pwani, ninyi huwa mnaanika kwa jua la nani?