Kiraka Chekundu cha Mama Festo

Festo aliposhusha mzigo ule juu ya meza yangu ya kukatia, harufu ilinifikia kabla hajaufungua. Ilikuwa harufu ya majani makavu ya mwarobaini, moshi wa kuni, na kwa mbali, chumba kilichofungwa masika yote. Nina cherehani tatu na mafundi wawili hapa Mikumi, na mimi si mtu wa kutishwa na matambara. Lakini harufu ile niliitambua, na mkasi nikauweka chini.

"Mama alisema blanketi hili likichakaa lije kwako," Festo aliniambia. Mama yake tulikuwa tumemzika Kidodi mwezi mmoja nyuma. "Alisema kama si wewe, tulikunje tu, tusimpe fundi mwingine."

Festo na mimi tumekua kama ndugu, kwa sababu mama zetu walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Watu husema maneno hayo kila siku bila kuyafikiria. Mimi siwezi tena, na nikiwasimulia mtaelewa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tunaishi Kilosa, nyumba ya tatu kutoka relini. Mama alikuwa fundi wa nguo, na mimi nilikuwa mtoto mwenye majivuno, maana mwalimu wa sayansikimu aliwahi kuinua kitambaa changu mbele ya darasa na kusema, "Oneni mkono huu." Tangu siku hiyo sikuwa naambilika. Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mto Mkondoa tuliusikia tukiwa barazani, na watu wazima walikatiza maneno yao katikati ili wausikilize, kisha wakaendelea kana kwamba hawakusikia kitu.

Mama Festo alifika Jumatatu kwa basi, amejaa matope hadi magotini. Alikuwa mwanamke mrefu, mtani, ambaye kwa kawaida hakupita mlango wetu bila kuniita mkwe wake. Siku hiyo aliitikia shikamoo yangu kwa "marahaba" moja kavu, akaketi, mkono mmoja tumboni. Mzigo wake ulikuwa umefungwa ndani ya kanga yake nyekundu yenye pindo jeusi.

"Shoga yangu, panya wamenitoboa," alisema, akafungua.

Lilikuwa blanketi la viraka. Chini kulikuwa na blanketi la kijivu, la aina waliyogawiwa wakata mkonge zamani, na juu yake vipande vya kanga visivyolingana, vingine vimechuja hadi huwezi kujua rangi. Katikati palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani.

"Jumatatu ijayo naingia hospitali Morogoro, wanipasue huu uvimbe," alisema. "Nataka niende nalo likiwa zima. Jumamosi nitalifuata. Ila lishonwe kwa mkono tu, cherehani isiliguse."

"Litakuwa zima," Mama alisema, na hawakucheka hata mara moja mpaka anaondoka.

Mama alilishona siku mbili. Alizoea kuimba akishona, lakini kwa blanketi lile hakuimba. Aliimarisha kingo za kila kiraka, tundu akaliziba kwa kipande cha kijivu, basi, akaliacha hivyo. Nilimuuliza mbona pale katikati hapajavalishwa kanga. "Paache," alisema. "Na wewe usiliguse."

Alhamisi tukaletewa habari ya msiba Munisagara. Mama akaenda, akaniacha chini ya uangalizi wa jirani, arudi kesho yake mchana. Nami nikabaki na lile doa la kijivu likiniudhi. Kwa akili zangu, Mama alikuwa amechoka na Jumamosi ingemuaibisha. Nikapekua kapu la vipande, hakuna kilichofaa. Ndipo macho yangu yakaangukia kanga nyekundu iliyokuwa imefungia mzigo, imekunjwa kwenye kiti. Ilikuwa pana. Nikajiambia kona moja haitamuumiza mtu.

Nilikata. Nilishona pande tatu mchana ule wote kwa mkono wangu uliosifiwa, na asubuhi ya Ijumaa nilikuwa naanza upande wa nne Mama alipotokea mlangoni, mapema kuliko nilivyomtarajia.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliketi sakafuni na viatu vyake vya matope, mwanamke asiyeruhusu hata kuku kupita na matope.

"Mwanaidi," alisema, "kila kiraka hapa ni mtu."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Bibi zake Mama Festo walikuja kutoka mbali kukata mkonge, wakafia huku, wakazikwa pembezoni mwa shamba. Baadaye mkonge ukapandwa juu ya makaburi yao. Hawakuwa na mahali pa kuzuru. Basi mwanamke wa ukoo akifa, binti yake hukata kona ya kanga ya marehemu na kuishona kwenye blanketi. Wote walikuwa pale, na wote walikuwa wamekufa.

"Na wewe umemshona mtu aliye hai," Mama alisema. "Mtu anayekwenda kupasuliwa."

"Basi tufumue."

"Hakifumuliwi. Wenyewe wanasema kufumua ni kufukua."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama alikuwa mtu wa swala tano, hana simile na ushirikina. Aliwahi kumfukuza mganga barazani kwa ufagio. Akanishika kidevu. "Siku za mtu anaziandika Mungu, hazishonwi na sindano. Umesikia?" Nilisikia. Lakini alikuwa ananitazama pembeni ya uso, na nilijua kwamba anaogopa.

Kisha akanituma mashineni kusaga mahindi. Nilikwenda nikishangaa, maana debe la unga lilikuwa limejaa. Niliporudi, upande wa nne ulikuwa umefungwa kwa mishono yake midogo, na Mama alikuwa anatawadha.

Jumamosi Mama Festo alilitandaza blanketi mapajani na kuanza kupitisha kidole, kiraka kwa kiraka, akitaja majina. Mimi nilisimama nyuma ya mlango. Kidole kikafika katikati, kikasimama. Akaivuta ile kanga yake, akaiona kona iliyokatwa.

"Nani kashona hiki?"

"Mimi," Mama alisema. "Nisamehe, shoga yangu."

"Mkono wako naujua. Huu si wako." Akaniita, nami nikatoka. "Nina wana wa kiume watupu," alisema. "Nilikuwa nawaza, nikifa huko nani atanishona. Kumbe nilikuwa na binti." Akacheka yeye peke yake. Kisha akajitanda kanga isiyo na kona, akabeba blanketi, akaenda kulisubiri basi.

Siku kumi na mbili nilizoishi baada ya hapo simwombei hata adui. Kila aliyepiga hodi nilimwona ameleta habari. Sikula vizuri, sikumwambia mtu, na sindano sikuigusa. Siku ya kumi na tatu simu ikaita kwa jirani: Mama Festo ametoka salama, anaomba ugali. Nikakimbia uwanja mzima nikipiga kelele. Mama hakukimbia. Alisema "Alhamdulillahi" na kuendelea kupiga pasi.

Sikumwona Mama tena na kanga yake ya kijani yenye korosho nyeupe, ile aliyokuwa akiivaa kila siku. Nilidhani imechuja.

Masika ya pili baada ya hayo, Mama alishikwa na homa. Siku nne tu. Kwenye arobaini yake, nguo zilipokuwa zikigawiwa, Mama Festo aliomba kipande cha kanga, cha ukubwa wa kiganja. Shangazi alikataa, akasema dini yetu haina mambo hayo. Mama Festo alilia barazani kwetu mpaka watu wakaona haya. "Rafiki yangu atabaki nje," alisema. "Atabaki nje peke yake."

Sasa nirudi kwenye meza yangu. Festo alipoondoka nililitandaza blanketi. Kiraka chekundu kilikuwa kimeachia upande mmoja, ule alioufunga Mama. Sikufumua kitu, uzi ulikuwa umeoza wenyewe. Niliingiza kidole nione kama blanketi la chini bado lina nguvu, na kidole kikagusa kitambaa kingine. Nikainua kidogo. Kijani, na korosho nyeupe mbili na nusu.

Ndipo nilipojua kwa nini nilitumwa mashineni na unga umejaa debe.

Sisemi kwamba kitambaa kilimuua mama yangu. Ilikuwa homa, na mwaka ule homa ilichukua wengi. Wala sijui alikuwa anafanya nini ile Ijumaa, kama alikuwa anajitoa badala ya mwenzake, au hakutaka tu rafiki yake akae peke yake kati ya wafu. Ninachojua ni kwamba aliniambia siku za mtu hazishonwi na sindano, kisha akasubiri nitoke, akachukua sindano. Nimemkasirikia wiki nzima. Alikuwa na mtoto, akajishona. Na Mama Festo, aliyelia kwamba rafiki yake atabaki nje, alijifunika naye miaka yote hiyo bila kujua.

Festo amepiga simu mara mbili kuniuliza kazi imefika wapi. Nimemwambia bado. Upande mmoja wa kiraka ni kazi ya dakika kumi, na uzi mwekundu niliutia kwenye sindano tangu Jumanne. Lakini nikishaufunga, nitakuwa nimemzika Mama mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.