Mti wa Matatizo Kwenye Ukuta Wetu

Ilianza Alhamisi, saa kumi ya jioni, wakati tata, baba yangu, alirudi kutoka formasyo, yale mafunzo ya mashefu, na kofia mpya nyeupe kichwani. Nilikuwa nimetoka masomo, bado na iniforme, nimekaa na kambo mbele ya mlango wetu tunachambua sombe, majani ya muhogo.

Namwita kambo, yaani bibi, lakini si bibi yangu wa damu. Ni jirani. Bwana yake aliletwa zamani kutoka Kasai kufanya kazi ya mine, kuchimba madini, akazeeka hapa Kolwezi, akafa, akamwachia nyumba ya matofali ya mwisho kwenye avenyu yetu. Mimi ni mtu wa haya sana. Mwalimu akiniuliza kitu mbele ya wenzangu, midomo inakauka na jibu linapotea. Kwa kambo peke yake njo ninasema, nasema mpaka yeye mwenyewe ananiomba nimuachie masikio yapumzike.

Tata ni shefu wa kartye, kiongozi wa mtaa wetu. Kazi hiyo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Walimpa muhuri, wakamwambia endelea. Ndiyo maana komini, ofisi ya serikali, ilipoita mashefu wote kwenye formasyo, namna ya kusikiliza wakaaji na namna ya kupanga kazi za kartye, mama alimpigia shati pasi mara mbili. Na siku ile ya mwisho alirudi kama mtoto aliyepasi mtihani. Hakuingia hata ndani. Alichukua kipande cha makala jikoni, akaanza kuchora mti kwenye ukuta wetu.

"Kambo, unaona? Huu banaita muti ya matatizo. Hapa katikati njo shida yenyewe: ravini. Chini, mizizi, njo sababu. Huku juu, matawi, njo mabaya yenye itakuya kama hatufanye kitu."

Kambo aliweka sombe chini, akaangalia ule mti muda mrefu.

"We shefu, na nyumba yangu iko ku tawi gani?"

"Hii ya kwanza, kambo."

"Basi ulichore nguvu kidogo. Mi sina mabawa."

Tulicheka, hata tata. Ravini ni lile shimo refu ambalo maji ya mvua yamechimba nyuma ya nyumba zetu. Kila mwaka linasogea. Msimu uliopita lilimeza choo cha kambo na migomba yake. Kilichokuwa kinalizuia ni salongo tu: kila Jumamosi asubuhi kila nyumba inatoa mtu, tunajaza udongo kwenye mifuko ya zamani ya minerai, ile ya kubebea madini, tunaipanga kwenye ukingo. Haikuponyesha kitu, lakini ilishikilia.

Jioni ile watu wa avenyu walijaa mbele ya ukuta wetu, na tata akawaeleza. Kwenye formasyo waligawanywa kwa vikundi. Kila kikundi kilichagua shida moja, na kikundi chake kilichagua ravini yetu. Waliandika kila kitu kwenye karatasi kubwa: mashini, mawe, mfereji, nani atafanya nini, mwezi gani. Wakabandika ukutani. Salle nzima, ukumbi wote, ikapiga makofi, na mwalimu wa formasyo akapiga picha.

"Imepita!" tata alisema. "Ravini yetu imepita!"

Hakuna aliyeuliza kitu. Pompe yetu ya maji ilikuja vilevile: watu wenye kofia, karatasi kubwa ukutani, makofi, picha, na kisha kamyo, lori lililojaa mabomba. Huku kwetu kila kitu kilichowahi kuja kilianza hivyo. Mimi pia niliamini. Usiku niliandika kwenye daftari yangu kwamba kambo hatalazimika kuhama.

Jumamosi iliyofuata, kwenye salongo, tulikuwa wachache. Ile nyingine, tulikuwa tata, kambo na mimi.

"Juu ya nini tuvunjike mugongo," jirani mmoja alisema kutoka kitini kwake, "na mashini iko njiani?"

Kisha hata sisi tuliacha. Wiki zilipita. Mvua za kwanza zilianza kunukia, mifuko ya zamani ikapasuka, udongo ukamwagika ndani ya shimo. Mama anayeuza mikate kwenye kona alianza kumsumbua tata kila asubuhi.

"Shefu! Ile mashini inakuya na miguu?"

"Inakuya, mama."

"Kama imechoka, uitumie taxi-moto, ipande pikipiki!"

Mwishowe tata alienda komini kuuliza. Alirudi mapema, Alhamisi tena, akakaa karibu nami akifungua viatu. Sijui kwa nini aliniambia mimi. Labda kwa sababu sisemi sana.

"Balicheka," alisema. "Ilikuwa zoezi. Karatasi yote ilikuwa zoezi ya kujifunza. Hakuna mashini, hakuna mwezi. Banasema kama nilijifunza muzuri, sasa nitafute mwenyewe wenye kusaidia." Akaweka viatu pembeni. "Jumamosi nitaita salongo, niwaambie wote. Nitasema mi njo sikuelewa."

Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika.

Mvua haikungoja Jumamosi. Ilianguka Ijumaa mchana, ile mvua nzito ambayo unasikia mabati tu, husikii watu. Tata alikimbia bila kofia. Tulitoa kitanda cha kambo, kuku wake, kinu, nguo. Ukuta wa nyuma ulitoka kwanza, polepole, kama mtu anayekaa chini. Kisha paa. Kambo alisimama chini ya dirisha letu, kitambaa kimelowa, akiangalia matofali ya bwana yake yakishuka shimoni.

Usiku aliketi kwenye kiti cha tata. Mtoto wake anayeishi Dilolo, mpakani na Angola, alipiga simu: kamyo inatoka asubuhi, apande.

"Kambo," tata alianza, "mi njo..."

"Nyamaza, shefu. Si balikufundisha kusikiliza? Basi sikiliza." Alivuta pumzi. "Mi nimechoka. Sina kitu kingine cha kusema."

Alinigeukia. Kule, alisema, atauzisha ndizi kwa batu ba Angola, na mimi niende kumtembelea nikimaliza masomo. Dilolo ni mbali sana, na sisi wote wawili tulijua sitaenda.

Asubuhi avenyu nzima ilitoka na mapauro, yale makoleo ya salongo. Hawakuwahi kuwa wengi hivyo. Walisimama kwenye ukingo, wakaangalia, hapakuwa tena na kitu cha kulinda pale, na mmoja mmoja wakarudi kwao. Hata mama wa mikate alirudi kwenye kona yake.

Nilibeba kinu cha kambo kichwani mpaka kwenye kamyo. Nilikuwa na maneno mengi tayari, nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Midomo ilikauka. Alinigusa shavu, akapanda juu ya mizigo, kamyo ikaenda.

Niliporudi, tata alikuwa nyuma ya nyumba yetu, peke yake, na pauro. Sasa nyumba ya mwisho ni yetu. Nilichukua mfuko, nikaufungua mdomo kwa mikono miwili, naye akaanza kutia udongo.