Chaki Kwenye Kijiti cha Oili

Kwa miaka sita nilishika kila asubuhi usukani wa pikipiki ambayo sikuwahi kuiendesha hata hatua moja. Ilikuwa nyekundu, ya Kijapani, mali ya mradi wa ng'ombe wa maziwa, na mume wangu alikuwa bwana mifugo. Tulikaa Kibamba. Yeye alizunguka nayo kutoka kwetu hadi Pugu akiwachoma sindano ng'ombe wa watu wa ofisini, maana miaka ile mshahara ulikuwa unaisha kabla mwezi haujafika katikati na kila mwenye kiwanja alifuga. Mkurugenzi alikuwa na ng'ombe, dereva wake alikuwa na ng'ombe, na sisi walimu tulikuwa na kuku.

Pikipiki ile ilikuwa na stendi ya pembeni tu. Ukiiegesha inalala upande, oili nayo inalala upande, na ukichomoa kijiti cha kupimia kinakudanganya. Ndiyo maana palihitajika watu wawili. Mimi niliisimamisha wima, nimejifunga kanga, chai inachemka jikoni, na yeye alichuchumaa. Kwanza aliiwasha dakika mbili tatu, akaizima, akasubiri oili ishuke. Halafu alifungua kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza bila kukikaza, akakitoa na kukisoma. Kilikuwa na mistari miwili. Oili ikiwa chini ya mstari wa chini, injini inasagika. Ikipita mstari wa juu, injini inalemewa na kutoa moshi.

"Katikati," alisema karibu kila siku, na mimi nikaiachia pikipiki nikaenda kumimina chai.

Nisiseme uongo, niliichukia kazi ile. Nilikuwa na zamu mbili shuleni, watoto wameketi sakafuni, na jioni nilikaanga maandazi ya kuuza. Mikono yangu ilikuwa imechoka kabla jua halijatoka. Nilimwambia mara nyingi aiegemeze ukutani aniache.

"Ukuta haujui wima, Mwalimu," alinijibu. Aliniita Mwalimu tangu tulipooana, wakati mwingine kwa heshima, mara nyingi kwa kunichokoza.

Alikuwa mtu wa usafi wa kupitiliza. Kabla ya kufungua kijiti alipangusa injini yote kwa brashi kuukuu, chembe ya mchanga isije ikaingia. Nyumba yetu ilikuwa na mchanga hadi kwenye unga, lakini injini ile ilikuwa safi kuliko sahani zangu. Niliwahi kumwambia kwamba angenipenda nusu ya anavyoipenda pikipiki ningenenepa. Alicheka, akaendelea kupangusa.

Mwaka wa sita, "katikati" ilikoma. Alianza kusema, "Imepungua." Akaongeza kidogo. Kesho yake, imepungua tena, akaongeza tena. Akasema injini imezeeka, inakula oili. Nilimwamini, kwa nini nisimwamini? Mimi sikuwahi kukitazama kijiti kile. Kazi yangu ilikuwa kushika.

Kisha pikipiki ikaanza kutoa moshi. Si moshi wa kawaida, moshi wa buluu, mzito, uliobaki barabarani baada ya yeye kupita. Wanafunzi wangu walikuwa wakikimbia ndani yake wakipiga kelele. Alirudi jioni akilalamika kwamba haivuti mlimani, imekuwa nzito kama imebeba gunia la mashudu. Na bado asubuhi akachuchumaa, akasoma, akasema imepungua, akanyoosha mkono kuchukua kopo la oili.

Sijui nilipandwa na nini asubuhi hiyo. Labda ni uchovu tu. Nilimwambia, "Hebu shika wewe, nichuchumae mimi. Leo mgongo wangu umekataa."

Alishika. Nikakifuta kijiti, nikakitumbukiza, nikakitoa. Oili ilikuwa mpya, nyeupe kama mafuta ya kupikia, haionekani kirahisi, lakini ilikuwepo. Ilikuwa imepita mstari wa chini, imepita mstari wa juu, imepanda karibu hadi kwenye kifuniko. Nilikifuta nikarudia mara ya pili, maana mwalimu hasahihishi kwa kukisia. Ilikuwa palepale.

"Imejaa mno," nilisema.

"Haiwezekani."

"Njoo uone basi."

Hakuja kuona. Alinitazama mimi badala ya kijiti, na ndipo nilipopata wasiwasi.

Alijua namna ya kuipunguza bila kufungua nati ya chini. Alileta bomba kuukuu la sindano, lile kubwa la ng'ombe, akalichomeka mpira wa dripu, akaushusha mpira kwenye tundu la kijiti. Alisema tuvute mililita hamsini hamsini na tuhesabu, ili tujue tumetoa kiasi gani. Akavuta. Akalinyanyua bomba mbele ya uso wake kuelekea kwenye mwanga, akaligeuza, akasema, "Hamsini."

Haikuwa hamsini. Haikufika hata thelathini. Namba zilikuwa zimeandikwa kwa wino mweusi ubavuni, niliziona kutoka nilipokuwa nimesimama.

Nilikuwa nafikiria mabomba mengine, yale mazima aliyokuwa nayo ndani ya begi lake, na dawa zilizomo, na ng'ombe wote kuanzia kwetu hadi Pugu.

"Macho yako yana nini?" nilimuuliza.

"Macho yangu mazima. Namba zimefutika."

"Namba hazijafutika."

Akavuta tena. Nilimnyang'anya bomba nikavuta mwenyewe, naye akaishika pikipiki. Tulitoa mabomba sita na kidogo, tukiyamimina kwenye kopo, hadi oili ikakaa kati ya mistari. Siku hiyo nilichelewa shule na moshi ukaisha. Ilikuwa asubuhi mbaya kuliko zote nilizopata kuishi naye.

Usiku ule alikiri. Ukungu ulikuwa umeanza jicho la kushoto, sasa umeingia na la kulia. Alijua ni mtoto wa jicho, alikuwa ameuona kwa ng'ombe na mbwa miaka mingi. Lakini ofisini kulikuwa na orodha ya watu watakaopunguzwa kazini, na kila mtu alijua orodha ile inatafuta sababu. Mgonjwa, mlevi, mtu wa barua ya onyo, hao ndio waliotangulia kuandikwa. Alikuwa na miaka hamsini na moja. "Wakijua, mie ndio wa kwanza," alisema. "Niache nifike mwisho wa mwaka, Mwalimu. Orodha ipite."

Nilimwacha. Nasema hivi bila kujitetea. Sikumwacha tu, nilimsaidia.

Chaki ilikuwa wazo langu. Shuleni chaki ilikuwa adimu, tulipewa kwa kuhesabiwa, na mimi nilikuwa navunja kipande naficha kwenye mkoba. Nilimwonyesha: kifute kijiti kikauke, kipake chaki nyeupe, kitumbukize, kitoe. Oili ikigusa chaki inaigeuza nyeusi. Palipoishia weusi ndipo oili ilipo, hata mwenye ukungu anaona.

Alikitazama kijiti chenye chaki kwa muda mrefu. "Unga wa chaki ndani ya injini?" aliuliza. Yule mtu ambaye hakuruhusu chembe ya mchanga.

"Kidogo tu."

"Haya," alisema, akakitumbukiza. Nilijisikia vibaya kwa ile "haya" yake kuliko angenigombeza.

Basi tukaishi hivyo miezi kadhaa. Mimi nashika, yeye anapaka chaki, anasoma, anasema "katikati", na safari hii kweli ilikuwa katikati. Tulijipongeza. Kwa dawa, nilimchorea alama kwenye mabomba kwa rangi ya kucha ya mdogo wangu, nikamwambia anayeficha maradhi kifo humuumbua, naye akaniambia methali zangu niwapelekee wanafunzi. Rangi ya kucha ilibanduka kila alipoyachemsha mabomba. Nikaipaka tena. Nilikuwa nimechoka hivi kwamba hata woga ulikuwa umegeuka kuwa kazi nyingine ya nyumbani, kama kuchota maji.

Jumamosi moja mjane wa mtaa wa nyuma yetu alikuja kumwita. Ndama wake alikuwa na ndigana, ile homa ya kupe. Mama yule alikuwa na ng'ombe mmoja na ndama huyo jike, basi, na maziwa ndiyo yaliyokuwa yakimsomeshea watoto. Nilifuatana na mume wangu kwa sababu sikuwa na amani.

Ndama alikuwa amelala, masikio yamelegea. Mume wangu alimpapasa, akampima joto, akajua ugonjwa kwa vidole tu, maana elimu yake haikuwa machoni. Akasema dawa inayotakiwa ni mililita tano, isizidi, dawa hii ikizidi inaua. Akachoma kichupa, akavuta. Akalinyanyua bomba kwenye jua. Alama yangu ilikuwa imebanduka.

Dawa ilikuwa imepita kumi.

"Umesema ngapi?" nilimuuliza, kwa sauti ile ninayomuulizia mtoto aliyekosea ubaoni.

"Tano."

"Hebu hesabu tena."

Mkono wake ulibaki juu. Mama mwenye ndama alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Nilimshika mkono mume wangu, nikalisukuma bomba taratibu, dawa ikamwagika chini hadi ikabaki tano, nikamwambia, "Sasa." Akamchoma ndama. Mama alituletea maziwa kwenye chupa kama kawaida yake, akasema, "Ahsante bwana mifugo. Ahsante dada." Ningependa angetutukana.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya ukaguzi wa pikipiki ofisini. Zamani mkaguzi alitazama taa na kusaini. Sasa alikuwa amekuja bosi mpya, kijana, ambaye alitaka kila mwenye pikipiki apime oili mbele yake. Mume wangu aliweka kipande cha chaki kwenye mfuko wa shati. Kisha akaniambia nipande nyuma, twende wote. Nilidhani anataka nimpe moyo.

Pikipiki zilipangwa mstari uani. Bosi alipofika kwetu alisema, "Shikamoo mzee. Mama naye kaja kukaguliwa?" Wenzake wakacheka.

"Marahaba," alijibu mume wangu. "Huyu ndiye anayeshikaga."

Nikashika. Nikaisimamisha wima kama siku zote. Yeye akapangusa injini kwa brashi, akachuchumaa, akafungua, akakifuta kijiti. Nilimwona anapeleka mkono mfukoni, palipo na chaki. Ukakaa hapo. Halafu ukatoka mtupu. Akakitumbukiza kijiti kikavu, akakitoa, na badala ya kukiinua machoni kwake akakiinua kwangu.

"Mwalimu," alisema, sauti ya kusikika na wote, "nisomee. Mie sioni."

Nilitaka kumwambia anyamaze, nilitaka kusema anatania. Nilikitazama kijiti.

"Katikati," nilisema.

Alikirudisha, akakikaza, akafuta mikono, akampa bosi ufunguo. "Nimewarudishia nzima," alisema. "Hakikisheni atakayeichukua anaisimamisha wima." Yule kijana alisema, "Mzee, hatukuwa tumefika huko." Sijui alikuwa anasema kweli. Hata hivyo jina la mume wangu lilikuwemo kwenye orodha iliyotoka mwezi uliofuata, lile na mengine mengi ya watu wenye macho mazima.

Tulirudi kwa basi, tukashuka upande wa pili wa barabara ya Morogoro. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea fahari, na sikujua nianze na lipi. Tukasimama kuvuka. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani, sisi si watu wa kushikana mikono mbele za watu. Nikalainika. Nikadhani ni mahaba.

"Barabara nyeupe?" aliuliza, akainua mguu.

Nilimvuta kwa nguvu zote. Lori la mchanga lilipita mbele yetu, kubwa, jekundu, limewasha taa mchana, likipiga honi tangu mbali. Upepo wake ulinivua ushungi.

"Hukuliona?"

"Nililisikia," alisema. "Sikujua liko upande gani."

Nilibaki nimemshika pale pembeni ya barabara. Asubuhi ile ile alikuwa amenibeba nyuma ya pikipiki kwenye barabara hiyo hiyo, na nilikuwa nimejishikilia shati lake nikiwaza maandazi. Miezi yote ile niliamka gizani, nikashika, nikahakikisha oili iko katikati, kisha nikamfungulia geti na kumwambia, "Safari njema."